Nyama Aliyokula Mwenyekiti

Wagonjwa wanaoketi kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha Bernadina Tluway huuliza swali lilelile: mbona na wewe meno yako ni ya kahawia? Naye hujibu, huku akivaa barakoa, kwamba maji ya kisima cha kwao hayakumuuliza akiwa mtoto atasomea kazi gani. Halafu huwaambia wafungue mdomo.

Chumba chake kipo nyuma ya zahanati moja ya binafsi mjini Karatu. Hapo hukwangua ugaga, huziba matundu madogo na kuwafundisha watu wazima kupiga mswaki, jambo ambalo kila mmoja wao huamini alishalijua. Wanaomjia ni madereva wa watalii, wahudumu wa lodge wanaotakiwa kutabasamu siku nzima, na wafanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola ambao hawana subira na ganzi.

Lakini kilichomfanya ajulikane hadi Loliondo ni kazi nyingine. Kwa miaka saba alikuwa mwenyekiti wa chama cha watunza kinywa wa Karatu na Ngorongoro. Hawa si madaktari wa meno. Ni watu wa usafi wa kinywa na matibabu madogo, na katika vijiji vingi vya nyanda za juu na za malisho hakuna mwingine. Chama kilianzishwa wakati ambapo mtu yeyote mwenye koleo na koti jeupe angeweza kujiita mtaalamu siku ya mnada. Wenye zahanati walikubaliana wasimwajiri mtu asiye na cheti cha chama. Nguvu ya chama ikawa ni hiyo tu: kutoa cheti na kukinyang'anya.

Kanuni aliziandika Bernadina mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwenye meza ya jikoni kwake. Mbili kati ya hizo zilikuja kumgeukia. Ya kwanza ilisema shauri la mwanachama litaamuliwa na watu watatu, si pungufu. Ya pili ilisema asiketi kuamua mtu yeyote aliyekuwa na sehemu katika shauri lenyewe.

Mwaka jana, msimu wa mvua za masika, mwanamke mmoja kutoka Piyaya aliingia chumbani kwake bila miadi. Aliitwa Nasha. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike, Nareyu, aliyetoka kulazwa hospitalini akiwa na usaha kwenye fizi na homa iliyokaribia kumwua. Bernadina alimfungua mtoto mdomo, akaona makovu mawili upande wa juu, mahali ambapo meno ya chonge yangeota.

"Nani alimkata?"

"Lekoko," alisema Nasha. "Wa kwenu. Mwenye cheti."

Wasomaji wengi wa mikoa hii wanazijua habari za meno ya plastiki. Mtoto mchanga anapoharisha na kupata homa, wakubwa humpapasa fizi, huona vivimbe vyeupe, na kusema hayo ndiyo yanayomwumiza. Yasipotolewa mtoto atakufa. Vivimbe hivyo ni meno halali ambayo bado hayajaota. Kuyachimbua ni kumjeruhi mtoto na mara nyingine ni kumwua. Kila mwanachama hufundishwa hivyo kabla ya kupewa cheti. Lekoko alifundishwa na Bernadina mwenyewe.

"Unataka nini?" Bernadina alimwuliza.

Nasha hakutaka fidia. Alieleza kwamba mke mwenzake, Nailantei, alikuwa mjamzito. "Mtoto wake akianza kuharisha, watamwita huyohuyo. Sitaki aguse mtoto mwingine wa boma letu. Mnyang'anyeni."

Kanuni zilitaka mlalamikaji asikilizwe mbele ya mashahidi kabla ya shauri kuletwa barazani. Kwa hiyo, mvua zilipokatika, Bernadina alipanga safari ya Piyaya. Katibu wa chama, Wilibrodi, mtu asiyeweza kukaa na mzaha mdomoni, alimsindikiza hadi kwenye gari la kukodi. "Mama, ukifika huko wahesabie na ng'ombe meno, tupate wanachama wapya."

Gari lilipanda ukingo wa Ngorongoro ndani ya ukungu, likashuka upande wa pili ambako jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa vumbi tupu. Bomani alipokewa na babu yake Nareyu, mzee Sakaya.

"Takwenya," alisema mzee.

"Iko," Bernadina alijibu. Salamu hiyo ya Kimaasai aliijua.

Wanaume walikuwa wameketi pamoja pembeni mwa zizi, Lekoko akiwa kati yao, jambo lililomshangaza. Kondoo alikuwa amechinjwa. Aliambiwa apumzike kwanza, ametoka mbali. Akaingizwa kwenye nyumba ya Nasha, na Nasha ndiye aliyemletea nyama kwenye sahani ya bati. Bernadina alikumbuka baadaye kwamba Nasha aliishikilia ile sahani kidogo kabla ya kuiachia, akamtazama. Lakini bibi yake mtoto alikuwa ameketi hapohapo karibu na moto, na Nasha akaiachia.

Bernadina amelelewa katika familia ya Kiiraqw huko Mbulumbulu, wakulima wa ngano na maharage. Kwao mgeni anayekataa chakula anamtuhumu mpishi. Alikula, tena alikula vizuri, akashukuru.

Alipotoka nje na kusema sasa yuko tayari kumsikiliza mlalamikaji, wazee walitazamana.

"Mlalamikaji gani?" aliuliza Sakaya.

"Nasha, baba. Kuhusu Lekoko."

"Mama, hilo si tumelimaliza? Tulisikia wewe ndiye mkubwa wake huyu kijana. Tukasema asichinjwe kondoo mpaka mkubwa wake afike. Kijana ametoa mtamba, ameomba msamaha. Watu wa mtoto wamekula, na watu wa Lekoko mmekula." Mzee alisema bila hila yoyote usoni. Alionekana kuamini kwamba alimpa mgeni heshima kubwa. "Anayekula nyama ya mapatano halirudishi neno."

Bernadina alimgeukia Nasha, aliyesimama mlangoni na mtoto.

"Nasha, na wewe unasemaje?"

"Neno langu lilikuwa kabla ya nyama," alisema Nasha.

Alimsindikiza Bernadina hadi garini. Hapo, akijifanya anamtengenezea mtoto shuka, alisema kwa sauti ya chini: "Mimi siwezi tena, dada. Nailantei amejifungua juzi. Mvulana."

Baraza liliketi Karatu kwenye ukumbi wa parokia. Waamuzi walikuwa watatu: Bernadina, Wilibrodi, na Eunike, mtunza kinywa wa Endabash anayesifika kwa kutosamehe hata vifaa vilivyooshwa haraka. Bernadina alikuwa na ripoti ya hospitali, na kwa macho yake mwenyewe alikuwa ameyaona makovu. Kanuni ziliruhusu chama chenyewe kushtaki kwa ushahidi wa hospitali, kwa hiyo hata bila Nasha shauri lingesimama. Wanachama wengi walikuja kutazama, na nusu yao ni wa upande wa Ngorongoro.

Lekoko hakukana. Ni kijana mrefu, wa maneno machache, na siku hiyo alivaa koti la kazi juu ya shuka.

"Najua si meno ya plastiki," alisema. "Nimesoma. Lakini yule bibi yake mtoto ana spoku ya baiskeli ameinoa kwenye jiwe. Nikikataa, haniambii chochote. Anaenda kuichukua. Mimi nina ganzi na vifaa vilivyochemshwa. Nani bora, mimi au spoku?"

"Na bado mtoto akaoza fizi," alisema Eunike.

"Mmoja."

"Huyo mmoja ana jina."

"Anaitwa Nareyu," alisema Lekoko. "Nilimbeba kwa pikipiki mpaka nikapata gari la hospitali. Wewe wa Endabash umembeba nani?"

Ukumbi ulinong'ona. Eunike alisema kwamba hoja hiyo ndiyo ya kila mwizi: nisipoiba mimi ataiba mwingine.

Ndipo Lekoko aliposema: "Na kuna jambo moja. Mama Mwenyekiti alikula."

Aliieleza siku ile ya Piyaya, kwa adabu, bila kuongeza kitu. Wanachama wa upande wa Ngorongoro hawakuhitaji kufafanuliwa. Wale wa Karatu waliguna. Mmoja akauliza kwa sauti tangu lini nyama ya mbavu ikawa ushahidi.

"Hakujua," alisema Eunike. "Amelishwa kwa mtego. Haihesabiki."

Bernadina angeweza kushika hapo. Hakujua, na ilikuwa kweli. Lakini alielewa pia kwamba hao wenzake wa malisho walikuwa wanamtazama kujua jambo moja: kama mkubwa wa chama anaweza kula mapatano ya watu na kisha kuyatema mbele ya hadhara. Akiyatema, hakuna boma litakalomwita tena mwanachama wa chama, awe mbaya au mzuri. Na bila yeye waamuzi wanabaki wawili, na kwa kanuni yake mwenyewe shauri linakufa. Wa nne hayupo. Miaka yote alikataa kuongeza waamuzi kwa sababu hakuwaamini wengine. Kosa hilo halikuwa la Piyaya.

"Nilikula," alisema. "Nina sehemu. Siwezi kuamua."

Akaondoka kitini, akaenda kuketi kwenye mabenchi. Wilibrodi alitangaza kwamba shauri limeanguka. Eunike alikusanya mkoba wake na kumpitia Bernadina bila kusimama. "Umemwachia kisu mkononi," alisema. "Ukalale vizuri."

Wiki hiyohiyo Bernadina alijiuzulu uenyekiti. Lakini kabla ya hapo, siku ileile ya baraza, alimfuata Lekoko nje ya ukumbi, alikokuwa akiwasha pikipiki.

"Zima. Nina swali. Ile nyama inafunga upande mmoja au pande zote?"

"Pande zote, mama."

"Basi na mimi nimo. Mimi si mgeni tena katika jambo hili, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Umo."

"Siwezi kukushtaki. Sawa. Lakini mtu aliyemo ana haki ya kuombwa na kuomba. Mtoto wa Nailantei akianza kuharisha, hutamgusa fizi kabla hujaniita mimi nikafika. Naomba hilo kama mtu aliyekula, siyo kama chama."

Lekoko, juu ya pikipiki iliyozimwa, alitazama barabara ya lami ambako magari ya watalii yalikuwa yanapanda kuelekea geti la hifadhi ya Ngorongoro.

"Na bibi?" aliuliza.

"Bibi hakusoma kwangu. Wewe ulisoma."

"Nitakuita," alisema.

Miezi iliyofuata Bernadina aliendelea na kiti chake na wagonjwa wake. Eunike alichaguliwa mwenyekiti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuongeza idadi ya waamuzi. Hawakuwa wakisalimiana sana. Bernadina hulala simu ikiwa wazi, jambo ambalo mume wake amelizoea kwa shingo upande.

Lekoko alipiga asubuhi moja ya kiangazi. Mtoto ameharisha tangu jana, fizi zimevimba, bibi ameshatoa spoku na kuisugua kwa majivu.

"Unayo ile dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini?"

"Ninayo."

"Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Anyonyeshwe. Usimguse, na usiondoke hapo. Nakuja."

Kupata gari kulimpotezea nusu siku, na alipofika getini muda wa kupita ulikuwa umekwisha. Ikabidi asubiri mpaka kesho yake. Dereva anasema njia nzima mama alimwambia mara apunguze mwendo, mara aongeze.

Alimkuta Lekoko ameketi kwenye kigoda, ameziba mlango wa nyumba ya Nailantei kwa mgongo wake. Mbele yake bibi alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, anatafuna tumbaku.

"Huyu kijana amenikalia mlangoni kama mbwa," bibi alimwambia Bernadina, kwa Kimaasai, na Nasha akatafsiri. "Mtoto akifa, mtamla wenyewe."

Ndani kulikuwa na giza na moshi. Nailantei alikuwa na mtoto kifuani. Bernadina alinawa, akavaa glavu, akamfungua mdomo taratibu kwa kidole. Fizi zilikuwa nyekundu, na chini yake vivimbe viwili vyeupe. Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Mtoto alimng'ata kidole kwa fizi hizohizo na kuanza kulia kwa nguvu. Mtoto aliyekauka maji halii hivyo. Bernadina alimbana ngozi ya tumbo, ikarudi. Alikaa naye mpaka aliponyonya na kulala.

Alipotoka, Lekoko alikuwa bado kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa huyu nimekusubiri, mama," alisema. "Lakini boma la jirani kuna wawili wanaharisha. Na kijijini Samunge wameniita tangu juzi. Huko hukula. Wale nifanyeje?"

Miaka saba Bernadina alikuwa na chama chenye kanuni, cheti na muhuri, na siku hiyo kilichomlinda mtoto mmoja kilikuwa kipande cha nyama alichokila kwa kutojua. Hakuna baraza ambalo lingeweza kupitisha hilo liwe kanuni. Aliketi chini kando ya kigoda, akavua glavu.

"Boma la jirani ni mbali?" aliuliza.

"Hapo, nyuma ya kilima."

Nasha alikuja na sahani ya bati, akamnyooshea. Bernadina aliitazama sahani, kisha akamtazama Nasha.

"Hii ni ya nini?"

Nasha alicheka, na hata bibi, alipotafsiriwa maneno hayo, alitema tumbaku pembeni na kucheka.

"Ni ya njaa tu, dada. Kula."

Alikula haraka, akiwa amesimama, kisha akamwambia Lekoko aongoze njia.