Kanga Wangu Kabatini

Miaka ya hamsini, pale Kamina, bibi harusi aliyejiheshimu hakufungiwa zawadi kwa gazeti. Zilifungwa kwa karatasi yangu. Nilichonga kanga, yule ndege wa madoadoa, kwenye kipande cha mti mgumu, nikamchovya katika wino wa buluu, nikampiga juu ya karatasi nyeupe mpaka ikajaa. Bahasha nazo zilipata kanga mmoja pembeni, akiitazama stempu kana kwamba anataka kuidonoa. Ninajisifu, ndiyo. Waliokuwepo wanajua.

Basi akatokea mfanyabiashara mmoja wa Luena, akaanza kuuza karatasi yenye kanga aliyefanana na bata mgonjwa. Wateja wakadhani ni mimi, nimeanza kulewa. Mume wangu, fundi wa reli ambaye Kifaransa chake alikisoma kwenye makopo ya sardini, akanionyesha maneno yaliyopigwa chini ya kopo: marque déposée, yaani alama iliyoandikishwa.

"Ukikuwa na hii, hakuna muntu ataiba," akasema. "Déposer njo kuweka. Wende uiweke."

Nikaenda ofisi ya serikali. Karani alikuwa na tai, kalamu tatu mfukoni, na uso wa mtu aliyezaliwa ameketi mezani. Nikamweleza kwamba nataka alama yangu iandikwe, mtu asiitumie.

"Mama, umefanya muzuri," akasema. "Marque déposée, maana yake marque yenye wameweka. Leta, weka hapa."

Nikampa chapa yangu. Akaifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni.

"Sasa minyi nitapiga karatasi na nini?"

"Weye ulisema muntu asiitumie. Weye hauko muntu?"

Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Pasaka ilikuwa imepita, ndoa zilikuwa zinafuatana kanisani, na wake wa watu wa reli walikuwa wananingoja mlangoni. Nikachonga kanga mwingine, sawasawa na yule wa kwanza. Haikupita wiki, karani akaniita. Akatandaza karatasi yangu mezani, akanitazama kwa huzuni, kama padri. Kanga huyu, akasema, ameiga kanga aliyewekwa, na hilo ni kosa. Akaichukua chapa hiyo nayo, akaifungia kabatini. Yule bwana wa Luena hakuitwa hata mara moja, kwa sababu bata wake hakufanana na kitu chochote kilichokuwa kabatini. Nililia pale pale, kwa hasira, wala sikuona aibu.

Msimu ule niliuza karatasi nyeupe tupu, na wateja wakahamia kwa bata. Mwisho wa msimu karani mwenyewe akaja nyumbani, kofia mkononi. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Mutoto amekataa ile ya Luena," akasema. "Anataka ya kwako, ya kweli."

"Ya kweli iko kwako, Bwana Karani."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chapa yangu ya kwanza, akaniwekea mezani. Nikampigia yule binti karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, maana yeye hakuwa karani. Baba yake alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipopiga ya mwisho, akanyoosha mkono.

"Rudisha, mama," akasema. "Bantu wasikuibie."