Jogoo wa Mama Mkwe

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Babati ilijaa wageni waliokuja kujenga ofisi na barabara. Mmoja wao, mhandisi kutoka Sri Lanka, alipanga chumba kwetu Maisaka. Kila asubuhi alikaa barazani amefumba macho, akifuatilia pumzi zake tu. Nilipomuuliza, akanieleza mafundisho ya kale ya Buddha: usiue kiumbe, usiseme uongo, chunga moyo usitumwe na hasira wala tamaa. Mimi ni Mlutheri na kanisa sikuhama, lakini maneno yale yaliniingia. Nikaapa kimoyomoyo kwamba sitaua tena, hata kuku.

Mhandisi alihama, kiapo kikabaki. Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Mbulu, jogoo mwekundu kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu nimemlea mwenyewe. Mchinje leo, tule."

Mume wangu alikuwa safarini, nami sikuthubutu kueleza. Nikampeleka jogoo kwa jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu. Akamchinja, mimi nimegeukia ukutani. Nilirudi na beseni nikijiambia mikono yangu ni safi. Lakini nilipokuwa namnyonyoa, nikakumbuka jambo jingine alilosema mhandisi: anayeagiza kuua, naye ameua.

Mezani nilichukua ugali na mboga tu.

"Mbona huli nyama?"

"Tumbo linanisumbua, mama."

Akaacha kula hapo hapo. Akaenda jikoni kunikorogea uji, mguu wake mbovu akiuburuta. Niliunywa nikishindwa kumtazama. Kwa siku moja nilikuwa nimeua, nimedanganya, na kumharibia mama yule chakula alichokitoa mbali. Yote hayo ili nijione mwema.

Kesho yake nilimsindikiza stendi. Njiani nikashindwa kuvumilia, nikamweleza kila kitu. Alisimama. Nilidhani atanisema kwa habari ya dini.

"Kwa hiyo hukuwa mgonjwa?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Nami jana nimekuombea mpaka usingizi ukanichukua." Alisema bila hasira, na hilo ndilo liliniuma. "Ungeniambia tu, mwanangu. Maharage ninayo mengi."

Akapanda gari. Nilirudi nyumbani nikapita mbali na duka la jirani, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Baada ya mavuno alinitumia maharage, nusu gunia. Na miaka yote iliyofuata, tukikutana kwenye sherehe za ukoo, alikaa kando yangu. Kabla mtu hajauliza lolote, alivuta sahani yangu taratibu, akahamishia nyama kwake, akaendelea na mazungumzo. Sijawahi kumwomba afanye hivyo. Wala sikupata ujasiri wa kumwambia aache.