Birika Mahali pa Kichwa

Ubaya wa baba yangu ni kwamba anasikiliza darsa za redioni na anazikumbuka. Mama alipofariki nilitaka kumchora nimtundike sebuleni kwetu Ngamiani, maana nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja. Baba akakataa katakata. Nyumba yenye sura ya kiumbe malaika hawaingii, alisema, utadhani walikuwa wanapishana mlangoni kwetu kila siku.

Nikamtafutia upenyo. Kwenye darsa hizohizo nilisikia kwamba picha isiyo na kichwa haina neno. Basi nikachukua rangi za mafuta, nikamchora mama ameketi kwenye mkeka unaoelea hewani, leso kifuani, mikono mapajani, na mahali pa kichwa nikamwekea birika la chai. Shehe yeyote na aje anikamate.

Baba aliizunguka ile picha kama anakagua mbuzi wa Idi. Hakupata kosa. Tukaitundika ingali mbichi, kwa sababu rangi hizo kwenye unyevu wa Tanga hazina haraka ya kukauka. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Mwera kuiona, akaisogelea mno, akapata bluu kwenye buibui.

"Wifi yangu anacheka," alisema huku akijipangusa. "Ndivyo alivyokuwa, akicheka mabega juu."

"Huyo kanuna," baba akasema.

"Birika linanunaje, kaka?"

"Linanuna. Mtazame vizuri."

Wakabishana hadi adhana ya alasiri. Mimi nilikuwa nimemchora akicheka, lakini kila nilipomtazama tena nilizidi kukosa hakika. Shangazi akaniamuru niamue. Nikamjibu kwamba mchoraji haulizwi, jibu la kihuni ambalo limeniokoa mara nyingi.

Shangazi alipoondoka, baba alibaki amesimama palepale. Mama alifariki ghafla, yeye na baba wakiwa hawasemezani, kwa ugomvi wa kipuuzi kuhusu kuuza friji bovu. Mimi nilijua, na baba alijua kwamba najua.

"Anacheka, baba," nikasema, nikachukua brashi. "Ngoja niongeze rangi kidogo hapa mabegani, ionekane wazi."

Akanishika mkono.

"Usimguse. Muache anune." Akavuta kiti, akaketi mbele ya picha. "Akichoka atanisemesha mwenyewe. Ndivyo tulivyokuwa."