Betri ya Kapteni

Fundi wa umeme wa magari usimtazame usoni, mtazame mikono. Ya Jafar ilikuwa na makovu ya tindikali ya betri tangu ana miaka kumi na mitano, babake alipompeleka Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, kwa fundi mmoja Singasinga akajifunze kazi. Babu zake walitoka pwani na misafara ya pembe za ndovu, wakafika Buganda, wakaoa, wakajenga, wakasahau kurudi. Jafar hakurithi pembe wala duka. Alirithi Kiswahili chao na ile tabia yao ya kutobishana na mtawala, na mwaka ule wa sabini na nne tabia hiyo ilikuwa ndiyo ponapona ya mtu. Wabishi wote tuliowajua Katwe walikuwa wameshachukuliwa, na anayetaka kunibishia mimi aniletee mmoja aliyerudi.

Jumatatu asubuhi Landrova mpya ya jeshi ikasimama mbele ya karakana yake. Wagonga mabati wa jirani wakaacha kugonga. Akashuka dereva peke yake, Koplo Odur, mrefu, mpole, mtu wa kaskazini. Wenzake wengi wa kaskazini, watu ambao mtawala hakuwaamini, walishatoweka kambini; yeye alibaki kwa kuwa Kapteni wake aliupenda udereva wake. Mapenzi ya Kapteni hayakuwa kitu cha kulalia usingizi, na Odur alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Fundi, Kapteni anataka winchi ya umeme hapa mbele," akasema. "Gari inakwama sana kwa matope. Ijumaa iwe tayari. Iko mbili nyuma, chagua."

Nyuma ya gari mlikuwa na winchi mbili, zile mashine za kuvutia gari kwa kamba ya chuma, zote zimetoka kwenye stoo ya Mhindi aliyefukuzwa. Moja kubwa kama mbuzi aliyelala, nyingine nusu yake. Jafar akazikagua. Ile kubwa ilikuwa ya lori, ya volti ishirini na nne, na gari hili lilikuwa la volti kumi na mbili. Ukiifunga hapo itajikokota hata paka haimvuti. Ile ndogo ilikuwa na nguvu ya kuvuta uzito wa Landrova mara moja na nusu, na hicho ndicho kipimo.

"Hii ndogo ndiyo yenyewe, Afande."

Odur akakuna shingo. "Kapteni amependa kubwa."

Sasa, mtu kama Jafar huwezi kumsikia akisema Kapteni amekosea. Akatafakari kidogo, akasema, "Mwambie Kapteni ile kubwa ni ya kubebea magogo. Hii ndogo ndiyo wanayofungiwa wakubwa."

Odur akacheka kwa mara ya kwanza. Kesho yake akarudi na jibu: Kapteni amesema ya wakubwa.

Kazi ikaanza. Winchi ya umeme ni mlevi, inakunywa kuliko hata starta ya gari, na inachokunywa ni betri, kwa sababu alteneta, ule mtambo mdogo unaoichaji betri injini ikizunguka, haiwezi kuzalisha umeme wote huo kwa mpigo. Jafar akaitoa betri ya gari, akaweka kubwa ya lori. Akatafuta waya mnene kama kidole gumba, akaupata kwenye mashine mbovu ya kuchomelea vyuma, akaukata vipande: viwili vya winchi, na viwili vipya vya betri yenyewe, maana vile vya zamani vilikuwa vyembamba. Vyote vyeusi. Waya mwekundu wa unene ule Kampala nzima haukuwepo.

Alhamisi saa tisa, Odur akaja mbio kwa miguu. "Kapteni anakuja leo. Saa kumi yuko hapa."

"Si alisema Ijumaa?"

"Fundi," Odur akasema taratibu, "utamuuliza wewe?"

Jafar akaingia kichwa chini ya boneti. Spana ikamdondoka mara mbili. Odur alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa, anatazama barabara, anatazama tena saa. Na mkono wa fundi ukizidiwa na hofu hauulizi kichwa, unafanya ulichozoea. Yule Singasinga alimfundisha Jafar kwenye Landrova kuukuu za Kiingereza, ambazo kichwa cha chanya cha betri ndicho hufungwa kwenye bodi ya gari. Magari mapya ni kinyume, hasi ndiyo huenda kwenye bodi. Jafar alilijua hilo kama jina lake. Lakini saa ile mkono wake ulikuwa na miaka kumi na mitano, na waya zote zilikuwa nyeusi.

Cheche ikaruka. Kisha harufu, ile ya kitu kilichoungua kisichopaswa kuungua.

Akazigeuza waya haraka, lakini wapi. Alipowasha injini ilinguruma vizuri, taa ziliwaka, winchi ilizunguka. Ila pale mbele ya usukani kile kitaa chekundu cha chaji kilibaki kinawaka, kikimkodolea macho. Alteneta ilikuwa imekufa. Gari litakwenda kwa kula akiba ya betri, na akiba ikiisha litazimika popote lilipo, Kapteni akiwa ndani yake.

Jafar aliogopa, na sioni haya kumsemea. Wakati ule kuharibu gari la jeshi hakukuitwa kukosea. Kuliitwa hujuma, na mwenye hujuma alitiwa kwenye buti la gari, basi. Akapeleka mkono nyuma ya dashibodi, akakichomoa kile kitaa, akakitia mfukoni.

Alipogeuka, Odur alikuwa akimtazama.

"Umeharibu nini?"

Jafar akamwambia yote, kwa sauti ya chini. Odur angeweza kumtoa Jafar kwa Kapteni pale pale, akajiokoa mwenyewe. Badala yake akauliza, "Alteneta nyingine inapatikana?"

"Nipe mpaka Jumatatu. Mchana litakwenda tu. Usiwashe taa, na winchi usiiguse."

"Basi Jumatatu," Odur akasema. "Mimi sijaona kitu."

Kapteni akaja, akataka kuona. Wakavuta mzoga wa lori kutoka kwenye mtaro, na kamba ya chuma ikaukokota kama mtu anavyovuta kitanda. Kapteni akampiga Jafar begani, akamwita fundi wa wakubwa. Jafar akatabasamu huku jasho linamshuka mpaka kiunoni.

Jumamosi gari likaenda Jinja. Jafar akazunguka Nakawa yote, karakana kwa karakana, na Jumatatu adhuhuri akaipata alteneta, ya zamani lakini nzima. Akaitia kwenye gunia, akaketi nayo mlangoni. Kila mngurumo wa gari ulimkatia pumzi. Mkewe Salme alimletea chakula kutoka nyumba yao ya ubavuni mwa karakana, akakirudisha hakijaguswa. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita.

Jumatano akaja mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Akajitambulisha: Akwero, mke wa Koplo Odur.

Gari lilizimika katika msitu wa Mabira. Mvua ilinyesha, likakwama, Kapteni akaamuru winchi itumike, na taa ziwashwe kwa kuwa giza lilikuwa linaingia. Fundi wa Jinja alipolifungua alisema alteneta imeungua, mtu amegeuza waya za betri. Kapteni akauliza nani.

"Mume wangu akasema ni yeye," Akwero akasema. "Eti alizifungua akiosha gari. Wamemchukua Jumapili."

Jafar akalisogeza gunia la alteneta nyuma ya mguu wake.

"Mzee, huyu mtu hata kubadilisha balbu nyumbani alikuwa anaogopa, nabadilisha mimi. Betri aliigusa lini? Niambie wewe uliyekuwa naye. Ni yeye kweli?"

Ng'ambo ya barabara mwanamume mwenye miwani myeusi alikuwa ameegemea nguzo, hindi la kuchoma mkononi. Hakuwa akilila. Alikuwa akitazama upande wao, au akitazama barabara, nani ajuaye. Jafar akamwona. Akamwona Salme dirishani pia.

"Ni yeye, mama," akasema.

Akwero akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru, akakaza kanga ya mtoto, akaondoka.

Yule mwanamume akamaliza hindi lake, akatupa gunzi, akapanda basi la Entebbe lililokuwa likija. Alikuwa msafiri tu, anangoja basi.

Akwero alikuwa hajafika mbali, ule mgongo wenye mtoto ulikuwa bado unaonekana kati ya wagonga mabati. Jafar angeweza kumwita. Akasimama na gunia lake la alteneta mpaka Akwero akapinda kona.