Ngazi Niliyoikataza Mwenyewe

Aibu hii wacha niisimulie mwenyewe, maana kiwandani kwetu hapa Thika kila mtu ashaisimulia vibaya, wengine hata wanasema nililia (sikulia, ni juisi iliingia machoni).

Mimi hupakia juisi ya maembe, na wenzangu walikuwa wamenichagua mwakilishi wao wa usalama kazini. Jumatatu nikazunguka stoo na Njoroge, supavaiza wetu, nikapata ngazi moja mguu umelegea, nikaifunga utepe mwekundu na kutangaza kwa sauti kubwa kwamba atakayeipanda nitamripoti. Sasa Alhamisi, karibu saa ya chai, nikaishiwa na lebo. Zingine zilikuwa juu ya rafu, ngazi nzima iko kule kwa mashine za chupa, na mimi mambo ya kuchelewa chai sitaki. Nikajiambia, si ni vipandio vitatu tu? Nikapanda ile ya utepe.

Kufika cha tatu, kunyoosha mkono tu, ngazi ikateleza, nikashika rafu, dastikoti, lile koti langu la kazi, ikanaswa kwa msumari, nikabaki naning'inia kama nguo imeanikwa, na hapo ndipo kengele ya chai ikalia na shifti nzima ikaanza kupita.

"Ngai! Mama Ciku, unafanya nini huko juu?" akauliza Wambui, rafiki yangu ambaye tunakaa ploti moja Ruiru.

Kabla nimjibu, dastikoti ikararuka, nikaingia mzima mzima kwa pipa la maganda ya embe lililokuwa pale chini.

Hakuna aliyecheka, maana mkono wangu wa kushoto ulikuwa umepinda vibaya, na mimi nilikuwa nawaza tu, bila mkono nitapakia nini? Njoroge akanitoa polepole, akaangalia ngazi, akaangalia utepe.

"Mama Ciku, si hii ndiyo ulisema utaripoti mtu?"

Hapo Wambui akashindwa kujizuia, na mimi pia nikacheka na maumivu yangu yote. Hospitalini nesi akaniuliza kama nimetoka kazini ama shambani, na nzi wamenizunguka hivyo.

Mkono ulikuwa umevunjika, nikakaa na plasta wiki sita. Mkono umepona vizuri, nimerudi kwa laini yangu ya kupakia, na ile ngazi Njoroge aliikatakata siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wapya huwa nawaeleza kisa hiki mimi mwenyewe, wanacheka, lakini wanasikia. Na siku hizi sipandi ngazi yoyote kama hakuna mtu ameishika chini, wacha waniite mwoga.