Nyumba yangu Endebess haikuwa na hata buibui

Wakuu, habari za humu. Hii imenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mkitaka kucheka, chekeni polepole.

Mimi ni mkulima wa mahindi huku Endebess, Kitale. Mke wangu Nekesa ni wa Myanga, Bungoma. Tumeoana miaka kadhaa na mtoto hakuna. Tukienda kwao, yeye anaangaliwa tumbo, mimi naongezwa chai.

Huku wezi wa mahindi hawana huruma, so gunia zote nilikuwa naweka bedroom. Nachanganya mahindi na dawa ya kuua dumuzi, napanga gunia mpaka dirishani, tunalala kando yake. Harufu tulishaizoea.

Siku moja Kukhu, nyanya yake Nekesa, akatutembelea. Akaingia chumbani kuweka mzigo, akatoka haraka.

"Bwana yangu," akaniambia, vile nyanya hutania waume wa wajukuu, "hapa mnarara na nani? Hata buibui hakuna!"

Nikacheka. Halafu nikaangalia vizuri.

Wakuu, hakukuwa na mende, panya, wala sisimizi. Nondo walikuwa wamekaukia dirishani. Nikakumbuka kuku aliyetagia nyuma ya gunia, akalalia mayai mpaka akachoka, na hakuna hata moja lililoanguliwa. Na sisi tulikuwa tunajisifu ati nyumba ni safi! Nikamwambia Nekesa, humu hakuna kinachozaa, hata sisi, twende tupimwe.

Tukaenda kupimwa Bungoma, mbali na majirani. Mbegu zangu zilikuwa chache, na nyingi hazisongi.

Daktari akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana, daktari. Hata ya kichwa situmii."

Tulikuwa tumeshatoka kwa geti ndio lile neno likanirudia. Dawa. Nikarudi mbio kumwambia. Akasema inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa si hiyo peke yake, lakini niitoe ninapolala, halafu nipimwe tena baada ya miezi kadhaa.

Nimejenga stoo nje. Wezi wakija, waje. Bado sijarudi kupimwa na naogopa, sitawadanganya.

Nilichojifunza: kabla umshuku mke au utafute mchawi, angalia unalala karibu na nini.

Juzi Nekesa aliona utando kwa kona ya bedroom, akachukua ufagio. Nikamshika mkono. Tukasimama hapo tukimwangalia buibui akifanya kazi yake, na Nekesa akaanza kulia.

Wewe je, chumbani kwako kuna nzi? Nenda uangalie kwanza, ndio urudi ucomment.