Chupa ya Mbarika

Mbio za mafundi ziliwekwa mwisho kabisa, Wazungu walipokuwa wameanza kukunja viti na kuita mbwa wao. Ilikuwa desturi ya klabu ile: sisi tulioshika spana wiki nzima tupewe mizunguko mitatu juu ya pikipiki za mabwana zetu, ili watu wacheke kidogo kabla ya kwenda nyumbani. Fundi akianguka, walipiga honi za magari. Wakianguka wawili, honi zilichukua muda kunyamaza.

Mimi sikuanguka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeacha shule kidato cha pili baada ya baba kuchukuliwa kizuizini na kufia huko, na kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga injini katika gereji ya Mhindi mmoja mjini Thika. Njia ya mashindano ilikuwa ya vumbi jekundu, imezunguka shamba la mkonge. Nilimaliza wa kwanza, nikageuka niwaone wenzangu, nikaona vumbi tu. Siku hiyo honi hazikulia.

"Usivimbe kichwa," akaniambia fundi mkuu wa gereji yetu. "Umewashinda walevi wanne na mpishi mmoja."

Huyu alikuwa Mkamba wa upande wa Machakos, mtu mzima mwenye watoto, aliyeweza kutambua ugonjwa wa injini kwa kuuma kijiti na kukigusisha kwenye silinda. Sote tulimwita Fundi. Mimi, kwa sababu ya namba niliyofungwa mgongoni siku hiyo, aliniita Kumi na Saba mpaka siku yake ya mwisho.

Juma lililofuata katibu wa klabu alikuja gereji, akazungumza na mwenye gereji kana kwamba sipo. Kulikuwa na mbio za vijana, za wana wa masetla na wa wafanyabiashara wa Kihindi. Kama mwenye gereji angenitolea pikipiki, yeye katibu hangepinga. Mwenye gereji alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe nataka kufa, kufa. Lakini pikipiki yangu rudisha mzima."

Mbio zangu za kwanza za vijana nilimaliza wa tano. Za pili, wa tatu. Za tatu zilikuwa Ruiru, kwenye barabara za shamba la kahawa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Wenzangu walizoea kukaa ndani kukinyesha. Mimi nilikuwa nimepeleka vipuri kwenye mashamba yale kwa miaka miwili, mvua au jua. Niliwaacha mbali. Mvulana mmoja wa Kizungu alinipa mkono, kisha akaufuta kwenye suruali yake. Labda lilikuwa tope tu.

Lakini si ushindi niliokuwa nautaka. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Mkikuyu kama mimi hakutoka Thika kwenda Ruiru, maili chache tu, bila pasi yenye muhuri. Siku za kazi nilisimama kwenye kizuizi cha barabarani, mikono kichwani, nikipapaswa. Jumapili, nikiwa na namba mgongoni, askari wale wale waliuinua mti wa kizuizi mapema ili waone nitakavyopita. Na waliokuwa kwenye orodha ya klabu walipewa kadi yenye picha, wakaenda nayo kushindana mpaka Nakuru na Eldoret. Niliitaka kadi ile. Nilikuwa nikiyataja majina ya miji hiyo peke yangu, kwa sauti ya chini, nikisugua pistoni kwa mafuta ya taa.

Katibu alisema waziwazi: katika mbio za kufunga msimu, nikishindana na waendeshaji wa klabu wenyewe na kumaliza kati ya watatu wa kwanza, jina langu litaandikwa. Nikishindwa, klabu haitarudia majaribio ya namna hiyo.

Sasa niseme juu ya mafuta. Pikipiki za mashindano enzi hizo zilitiwa mafuta ya mbarika, yaliyosafishwa Ulaya na kuletwa kwa makopo. Nilipoyanusa mara ya kwanza nilicheka, maana ilikuwa harufu ya mama. Kwetu mbarika ni mafuta ya mtoto mchanga na ya bibi arusi, na ni ya kumbariki mtu anayekwenda mbali. Fundi naye alicheka, kisha akanionya.

"Haya ni kama mke mwenye wivu. Hayakai nyumba moja na mengine. Ukiyatia juu ya mafuta ya kawaida yanaganda kama ugali. Unaosha injini kwanza, ndipo unatia. Umesikia, Kumi na Saba?"

"Nimesikia, Fundi."

Nilikuwa nimesikia kweli.

Jumamosi ya kuamkia mashindano nilipata pasi nikaenda kumwona mama. Aliishi karibu na Ruiru, katika moja ya vijiji vile watu walimokusanywa kwa nguvu, nyumba zimepangwa safu safu kama askari. Handaki la kukizunguka kijiji walilichimba wanawake wenyewe, naye akiwa mmoja wao. Juu ya udongo uliotupwa nje mibarika ilikuwa imejiotea, mirefu kuliko mtu. Mama alichuma mbegu zake, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha na kuengua mafuta. Alinipa chupa nzima, imezibwa kwa gunzi.

"Baba," aliniambia, maana nimeitwa jina la baba yake, "ujipake mikononi na miguuni kabla hujapanda kile chombo. Usione haya mbele ya Wazungu."

"Sioni haya, mama."

"Na ukiandikwa uje uniambie mwenyewe. Nisiambiwe na watu."

Asubuhi ya mashindano kopo la mafuta ya Ulaya lilikuwa limebaki robo, na mwenye gereji akaamuru yote yatiwe kwenye pikipiki ya mwanawe, aliyeshindana pia siku hiyo. Yangu Fundi aliitia mafuta ya kawaida.

"Kwenye mlima utapungukiwa kidogo," alisema. "Usiilazimishe. Wa tatu inatosha. Hatukuja kuoa hapa."

Kisha akaenda kutafuta chaki. Kazi yake wakati wa mbio ilikuwa kusimama kwenye kona ya mwisho na ubao, anionyeshe niko wa ngapi.

Nilibaki peke yangu, nikatoa chupa. Nilijipaka mikono kama mama alivyosema, nikapaka na magoti. Chupa ilikuwa bado imejaa karibu yote. Nikafungua tangi dogo la mafuta ya injini, nikamwaga mchangani sehemu ya yaliyokuwemo, nikamimina mbarika ya mama mpaka likajaa. Sikuwa nimesahau onyo la Fundi. Nilijiambia kwamba alikuwa akizungumza juu ya yale ya makopo, yaliyotoka kiwandani, na kwamba haya yalitoka kwa mama.

Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko siku zote, au ndivyo nilivyoona. Kila nilipofika kona ya mwisho Fundi alikuwa ameegemea kamba, ubao juu. Sita. Tano. Tano tena. Nne. Nne tena. Mzunguko wa sita alikuwa ameandika tatu, naye alirukaruka kama mtoto, mtu mzima yule. Wa saba nilipoikaribia kona niliuona ubao ukiinuliwa, tatu ile ile, ameikoleza kwa chaki. Ndipo injini ilipokwama. Kulikuwa na harufu tamu ya kuungua, na hapo hapo gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Pikipiki ilinitupa upande, yenyewe ikaenda moja kwa moja, ikapita chini ya kamba, pale pale Fundi aliposimama na ubao.

Mimi nilivunjika mkono. Fundi alikufa siku ya pili katika wodi ya Waafrika, bila kusema neno.

Mwenye gereji aliifungua injini mwenyewe. Nilikuwepo, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, kinanata kama gundi ya seremala. Alikichota kwa kidole, akanusa.

"Hii mbarika. Nani natia juu ya ile ingine?"

Gereji nzima iliacha kugonga. Niliifikiria kadi. Nilimfikiria baba, na jinsi mtu anavyoweza kuulizwa swali moja na asirudi.

"Aliyetia mafuta ni Fundi," nilisema. Neno kwa neno, ilikuwa kweli.

Mwenye gereji alikuwa ameahidi lori la kuupeleka mwili wa Fundi kwao Machakos. Jioni hiyo lori lilipakiwa saruji. Fundi alizikwa kwenye makaburi ya Thika, kati ya watu asiowajua, na mkewe alipofika siku ya tatu alionyeshwa tuta la udongo. Mafundi wenzangu wakawa wanasema kwamba mzee alikuwa ameanza kusahau. Walisema hata nikiwa nimeketi nao, na mimi nilikunywa chai yangu.

Baada ya wiki mbili barua ya klabu ilifika. Mbio zikikatizwa na ajali, sheria yao ilikuwa kuhesabu mzunguko wa mwisho uliokamilika, na katika mzunguko wa sita nilikuwa wa tatu. Nimeandikwa. Kadi ilikuwa ndani ya bahasha, ikisubiri picha tu.

Nilikwenda Ruiru kumwambia mama mwenyewe, kama alivyotaka. Kwenye kizuizi niliionyesha kadi isiyo na picha, askari akaniachia nipite. Mama alikuwa mlangoni akipepeta mbegu.

"Umeandikwa?"

"Nimeandikwa."

"Na mafuta yalikusaidia, baba?"

"Yalinisaidia, mama."

Akapiga vigelegele vitano, kama vya mtoto wa kiume anayezaliwa, majirani wakatoka nje. Kisha akaleta chupa nyingine, akanipaka usoni, akanipaka na vidole vilivyotokeza kwenye plasta. Nilitulia mpaka akamaliza.

Sikupanda pikipiki tena. Nakuru nimekaa, Eldoret nimekaa, na mbali zaidi ya huko, mwaka hapa, mwaka pale, na kote nilifika kwa basi. Kadi haikuwahi kutiwa picha. Nikipita Thika huingia makaburini kulitafuta tuta lile. Nyasi zimefunika kote. Yuko mlinzi ambaye labda anajua, lakini sijamuuliza, kwa sababu naye ataniuliza mimi ni nani wake.